Kunja, pinda, peta

Intaneti ikizorota mjini Kakamega, fundi akishakagua nyaya utamsikia akisema, "Faiba imekunjwa." Hapo ndipo ninapomkatalia. Nguo hukunjwa, barua hukunjwa. Uzi wa kioo wenye unene wa mikroni 125 ukikunjwa hivyo utakatika, na mteja atakosa mtandao kabisa. Kilichotokea ni kwamba faiba imepinda: imebanwa nyuma ya kabati, au mtu kaizungusha kwenye msumari. Mwanga bado unapita, ila sehemu yake inavuja pale kwenye kona.

Uvujaji huo una faida yake. Fundi hupima kwa mwanga wa nanomita 1310, kisha wa 1550. Huu wa pili ukipotea zaidi mahali palepale, anajua tatizo ni kona, si kiungo kibovu. Wahandisi nao wameufanya udhaifu huo kuwa kitambuzi: hubandika faiba kwenye boriti ya daraja, na mabadiliko ya mwanga huwaonyesha boriti imepinda kiasi gani.

Kwa mviringo unaoviringishwa taratibu, bila kona kali, tuna kitenzi kizuri kilichosahaulika: kupeta. Faiba ya kawaida huvumilia kupetwa hadi nusu kipenyo cha milimita 30. Ile ya kuingizwa majumbani, 10 au hata chini yake. Tatizo ni kwamba kupeta ni kupepeta pia, na ukimwambia mtu apete, huenda akaenda kuchukua ungo.