Safu ya Lugha: Shoti si mkato
Siku hizi nawasikia vijana wa programu wakisema MSBuild, zana ya Microsoft ya kujengea programu, "inapiga shoti" ikipima masharti. Jamani! Shoti, tuliyoipokea kwa Waingereza pamoja na nyaya zao, ni hitilafu: umeme umepita pasipotakiwa, fyuzi imeungua. Hapa hakuna kilichoungua. Penye "na", sharti la kushoto likiwa si kweli, la kulia haliguswi. Penye "au", la kushoto likiwa kweli, yatosha. Huo ni mkato, wa njia ya mkato (si ile ya wala rushwa). Wala usiseme "kukatika". Umeme ndio hukatika, bila kuagizwa.

Ukitaka kuupima mkato huo, andika sharti '$(Toleo)' != '' and $(Toleo) > 5, kisha uache Toleo tupu. Pasingekuwa na mkato, zana ingegoma: tupu hailinganishwi na namba.