Mkulima wa Heru na Ng'ombe Wake

Sote tulikariri jinsi Stanley alivyopita Buha mwaka 1871 akielekea Ujiji, akilalamikia hongo za nguo alizotozwa njiani. Mkulima aliyemwona akipita hatumsomi popote, naye ndiye babu wa wengi wetu.

Katika ufalme wa Heru, nchi ya Kasulu ya leo, mkulima huyo alilima mtama, ulezi na maharage. Ili apate maziwa na samadi alimwendea Mtutsi mwenye mifugo, akapewa ng'ombe wa kutunza. Mpango huo waitwa ubugabire. Ng'ombe alibaki mali ya aliyemtoa, na mkulima akawajibika kumtumikia, mara nyingi na wanawe baada yake. Kwa hiyo historia ya ukoo ilifungamana na ya ng'ombe. (Nawajua wazee wanaokumbuka rangi ya ng'ombe, wasikumbuke mwaka waliozaliwa!)

Miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Mwaka 1898 Wajerumani wakaanzisha kodi ya kibanda. Wakati wa Waingereza wajukuu wakaenda Tanga kuwa manamba wa mkonge. Miaka ya 1930 watu wa Kasulu na Kibondo walihamishwa kwa sababu ya malale, na miaka ya 1970 wakahamishiwa vijiji vya ujamaa. Makaburi yakabaki porini.

Vijana mlioko shuleni, likizo hii waulizeni babu zenu: ng'ombe wa kwanza wa ukoo alitoka kwa nani, na mji wa zamani ulikuwa kilima gani? Mimi nilichelewa kuuliza. Aliyejua alikwisha kufa.