Reli ya mwinamo

Mfasiri wa Bunia akipewa kijitabu cha kigeni kuhusu bunduki ndogo za kulengea shabaha, neno la kwanza litakalomjia kwa kile kipande cha chuma kinachobeba darubini ni kitako. Alifute. Kitako cha bunduki ni sehemu inayoegemezwa begani, na aliyesimamishwa kwenye vizuizi vya barabara ya Komanda anaijua. Kipande tunachokisema hufungwa juu ya bunduki, kina migongo na mifereji inayopokezana, na kwa umbo ni reli. Kikikatwa nyuma kikawa kinene kuliko mbele, ni reli ya mwinamo. “Mteremko” ni wa kilima. Na “pembe” ikiachwa peke yake, Ituri itafikiria ndovu kwanza.

Jimbo liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021, kwa hiyo simtumi mtu dukani kutafuta bunduki. Ila istilahi hufika hata pale ambapo kitu chenyewe hakiuzwi.

Mwinamo huo huandikwa kwa namba, mara nyingi 20. Ishirini nini? Dakika za pembe. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60. Wenye vibali vya dhahabu hawahitaji somo hili: chini ya Kanuni ya Madini ya 2002, eneo hupimwa kwa kare, kila upande sekunde 30, na kila kare huhesabiwa hekta 84.955. Bunia yenyewe iko kama digrii 1 na dakika 34 kaskazini mwa ikweta. Juu ya ramani dakika moja ya latitudo ni karibu kilometa 1.85; kwenye shabaha iliyo meta 100, dakika hiyohiyo ni sentimeta 2.9. Dakika ya pembe haina urefu mpaka uitajie umbali.

Sasa, kwa nini uinamishe darubini? Bunduki tunayoizungumzia ni ya risasi za ukingo. Fataki yake haikai katikati ya ganda bali imepakwa ndani ya ukingo, na msumari wa kufyatulia hugonga hapo. Mfaransa Flobert alianzisha mtindo huo mwaka 1845, risasi ya .22 Long Rifle ilitoka Marekani mwaka 1887 na ingali inatumika. Ni ya polepole, nyingi za kulengea shabaha huanza na kasi ya kama meta 330 kwa sekunde. Iliyorekebishwa kugonga katikati kwa meta 50 itashuka karibu meta moja na nusu ikifika meta 200. Hewa nyepesi ya Bunia, zaidi ya meta 1,200 juu ya bahari, inaisaidia kidogo tu.

Hapo ndipo skrubu ya kupandishia ya darubini inapoisha. Chukua darubini yenye dakika 50 kwa jumla: 25 za juu, 25 za chini. Juu ya reli tambarare, kugonga meta 50 tu kunakula kama 12 za juu. Zinabaki 13, na meta 200 zinadai zaidi ya 25. Reli ya dakika 20 inaziongeza hizo 13 ziwe 33. Basi mtu atataka ya 40, akidhani kikubwa ndicho bora. Kwa meta 50 reli hiyo itamlazimu kushusha dakika 28 (40 toa 12), na darubini ina 25; shabaha ya karibu ataikosa kabisa. Hesabu ya chini ndiyo wanunuzi wengi wanaisahau. Na wa Olimpiki wanaolenga meta 50 hawana haja ya reli hii, maana darubini hawaruhusiwi.

Tofauti yenyewe haionekani kwa jicho. Reli ya sentimeta 15 yenye mwinamo wa dakika 20 imezidi nyuma kwa milimita 0.87. Ndiyo maana ni rahisi kuifunga kinyumenyume, ikapunguza dakika zilezile ilizokuja kuongeza. Upande mnene ukae karibu na jicho.

Mfasiri asiiandike “reli ya 20” na kuishia hapo. Watengenezaji wengine huhesabu kwa miliradiani, na 6 za huko ni karibu dakika 20.6 za huku.