Unene, kisukari na matatizo ya mkojo kwa wanaume

Unene na kisukari ni miongoni mwa visababishi vya matatizo ya mkojo kwa wanaume: kwenda haja ndogo kila mara, kuamka usiku, mkojo kukatikakatika, kushindwa kuubana, au kuhisi mkojo haujaisha kibofuni. Mwanaume aliyevuka miaka 50 akiona dalili hizi hudhani ni tezi dume, na pengine ndiyo. Ila sukari nayo huleta dalili zilezile, peke yake au pamoja na tezi.

Figo huchuja glukosi kisha kuirudisha kwenye damu. Kiwango chake katika damu kikizidi takriban milimoli 10 kwa lita, figo hulemewa, sukari hupita kwenye mkojo na kuvuta maji. Mgonjwa hukojoa sana, hushikwa na kiu, hunywa, hukojoa tena. Mwaka 1776 tabibu Matthew Dobson wa Liverpool alichemsha mkojo wa mgonjwa hadi maji yakakauka, akabaki na masalia matamu kama sukari.

Madhara kwa kibofu huja polepole, tena kimyakimya. Kwa kawaida mtu huanza kuhisi mkojo kibofu kikiwa na mililita 150 hadi 250. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu inayopeleka taarifa hiyo. Mwanzoni kibofu huweza kuwa na papara, mtu akakimbilia choo kwa mkojo kidogo tu. Baadaye hisia hufifia: kibofu hujaa kupita kiasi, misuli yake hulegea, na mkojo hubaki ndani hata baada ya kukojoa. Mgonjwa wa hatua hii huweza kwenda chooni mara chache kwa siku na kujiona mzima kabisa, kumbe mkojo uliobaki, wenye sukari, unalea vijidudu.

Unene una njia zake. Kitambi hukandamiza kibofu. Mafuta ya mwilini hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni, na mwili usioitikia insulini vizuri hutengeneza insulini nyingi zaidi. Mabadiliko haya yanahusishwa na kukua kwa tezi dume. Wanene wengi pia hukoroma na kukatika pumzi usingizini. Hali hiyo huusukuma moyo kutoa homoni inayoziamuru figo kutoa maji, hivyo mtu akaamka usiku kukojoa ilhali tatizo liko kooni.

Kipimo chenye manufaa makubwa hakina gharama: jagi lenye alama na daftari. Kwa siku 3 mgonjwa huandika saa na kiasi cha kila mkojo. Mkojo mwingi kila mara, unaozidi lita 3 kwa siku, huelekeza kwenye sukari au kunywa maji mengi. Mkojo kidogo kila mara huelekeza kwenye kibofu au tezi. Hospitalini hupimwa sukari (milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula, ikithibitishwa kwa kipimo cha pili, ni kisukari) na hufanyiwa ultrasaundi ya mkojo uliobaki. Kununua antibayotiki duka la dawa kila inapodhaniwa ni maambukizi ya njia ya mkojo (UTI), bila kupima sukari, huchelewesha wengi mno kugunduliwa.

Sukari ikidhibitiwa, wingi wa mkojo hupungua upesi. Mishipa ya fahamu iliyokwisha kuharibika hairudi kwa urahisi. Mwenye kibofu kisicho na hisia hufundishwa kukojoa kwa saa, kila baada ya saa 3 au 4, hata asipobanwa, kisha kungoja kidogo na kujaribu tena. Kupunguza uzito husaidia pande zote mbili, sukari na mkojo. Baadhi ya dawa mpya za kisukari hutoa sukari kupitia mkojo kwa makusudi, hivyo huongeza safari za chooni na fangasi kwenye kichwa cha uume. Hazifai kuachwa bila kumwona daktari. Nazo baadhi ya dawa za mafua, kama klorofeniramini, zaweza kufunga mkojo kabisa kwa mwenye tezi kubwa au kibofu dhaifu, akalazimika kuwekewa mpira wa kutoa mkojo.

Maumivu makali na uvimbe kwenye korodani au kati yake na njia ya haja kubwa, pamoja na homa, kwa mwenye kisukari huweza kuwa uozo wa Fournier, uliopewa jina la daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1883. Hapo hospitali ni saa hiyohiyo, kwa upasuaji wa dharura.