Uvimbe wa Nje na Ugonjwa wa Ndani

Je, msomaji, mwili waweza kutangaza kwa nje ugonjwa uliojificha ndani? Swali hili ni la zamani. Wapasuaji wawili wa karne ya 19, Edmund Leser Mjerumani na Ulysse Trélat Mfaransa, majina yao yalipewa dhana ya kwamba vinundu visivyodhuru, vikizuka vingi ghafula katika ngozi, huenda vikawa dalili ya saratani ya ndani. Madaktari wangali wakibishana juu yake, kwa sababu wazee wengi huota vinundu hivyo, na saratani nayo huwapata wazee zaidi. Mambo mawili yakikutana, haimaanishi kwamba moja limezaa jingine.

Lakini wewe ukaaye Busia au Malaba una mfano ulio karibu zaidi. Ukivuka mpaka kwenda Kampala, hapana budi upite Jinja. Mwaka 1957 Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baada ya majuma machache akaona mwingine kama huyo huko Jinja. Akampapasa tumbo, akakuta na humo mna uvimbe. Ndipo alipofunguka macho: taya na tumbo vilikuwa na ugonjwa mmoja.

Akauliza ugonjwa huo wapatikana wapi. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa motokaa maili 10,000 hivi, wakizuru hospitali hata Afrika ya Kusini. Mimi nayastahi maswali hayo kuliko kisu chake. Ilidhihirika kwamba saratani hiyo hufuata nchi za joto na mvua, wala haionekani sana juu ya mita 1,500 karibu na ikweta. Busia iko kwenye mita 1,200 hivi, katika bonde la Ziwa Viktoria lenye malaria nyingi. Na ugonjwa haukuulizia mpaka wa Kenya na Uganda.

Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliona virusi ndani ya chembe za uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda. Virusi hivyo vimeenea ulimwenguni kote. Malaria ya mara kwa mara ndiyo idhoofishayo kinga ya mtoto dhidi yavyo.

Kisu hakikufaa sana. Dawa zilifaa, na watoto wengi hupona wakiwahi. Mara nyingi dalili ya kwanza ni meno kulegea.