Mgongo wa Kericho na Ule Mlio wa "Kakaka"

Leo tuongee juu ya zile video mnanitumia kila wiki: jamaa amelala kitandani, mwingine anamshika shingo, anaizungusha, mifupa inalia kakaka, halafu mgonjwa anatabasamu kama ameshinda lotari. Mnaniuliza, "Hii kitu inafanya kazi ama ni sarakasi?" Mimi niliacha chuo, lakini kusoma sikuacha. Jibu liko kwa historia, so tuanzie huko.

Hiyo tiba inaitwa kairopraktiki, na ilizaliwa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka wa 1895. Mwanzilishi alikuwa D. D. Palmer, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitibu watu kwa kile kilichoitwa "tiba ya sumaku". Mgonjwa wake wa kwanza, Harvey Lillard, alikuwa mfagizi mweusi aliyekuwa na shida ya kusikia. Palmer akambonyeza uti wa mgongo, akatangaza kwamba masikio yamefunguka. Shida ni kwamba mshipa wa kusikia haupiti mgongoni. Lakini Palmer hakuishia kwa masikio. Alikuja kuandika kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote yanatokana na pingili zilizohama. Yaani malaria, kisukari, zote ni mgongo tu! Mwaka wa 1906 alifungwa jela kwa kutibu bila leseni.

Baadaye watu wake wenyewe wakagawanyika. Kundi la kwanza, likiongozwa na mtoto wake B. J. Palmer, lilishikilia kwamba kunyoosha pingili kunatosha, usichanganye na kitu kingine. Kundi la pili likasema hapana, ongeza mazoezi, ongeza ushauri, na ukiona ugonjwa usio wako mpeleke mgonjwa kwa daktari. Huo mgawanyiko haujaisha. Ndiyo maana wawili wanaweza kuwa na jina moja la kazi, mmoja akusaidie kiuno, mwingine akuahidi kutibu pumu ya mtoto.

Madaktari wa Marekani nao waliwapiga vita. Chama chao, AMA, kiliunda kamati ya kupambana na utapeli mwaka wa 1963. Chester Wilk na wenzake wakashtaki mwaka wa 1976, na mwaka wa 1987 Jaji Susan Getzendanner akaamua kwamba ule mgomo wa madaktari ulivunja sheria ya ushindani. Sikia vizuri hapa: mahakama haikusema tiba inaponya. Ilisema tu huwezi kumfungia mwenzako biashara hivyo. Mtu akikuambia "korti ilithibitisha," anakuchezea.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Kericho na Bomet, mgongo ni mshahara. Chai ya mashamba makubwa ilianza miaka ya 1920, na kwa miaka mingi kazi imekuwa ileile: inama, chuma majani mawili na chipukizi, tupa kikapuni, beba hadi kwa mizani. Kogo wengi hapa wanatembea wameinama kama bado wamebeba. Na kuna waliopeleka huo uchungu mbali: wafanyakazi wa mashamba ya James Finlay walidai huko Edinburgh, Scotland, nchi ambako kampuni ilikuwa imesajiliwa, kwamba kazi imewaharibu migongo na viungo. Mwaka wa 2022 jaji akaruhusu iendelee kama kesi ya kundi. Kampuni ilipinga, na vita kubwa ikawa ni wapi isikilizwe, kule ama Kenya kupitia sheria yetu ya fidia ya wafanyakazi ya 2007.

Hebu fikiria: mama anachuma siku sita. Jumapili unamlipia mtu wa kumlia mgongo. Anapata nafuu, na sikatai, nafuu ni kitu. Jumatatu anarudi kwa kikapu kilekile. Umenunua nini hapo?

Utafiti wenyewe hauna drama. Kwa maumivu ya kiuno ya muda mrefu, kunyoosha kwa mikono kunasaidia karibu sawa na mazoezi na tiba nyingine zinazopendekezwa. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa Desemba 2023, liliiweka kati ya njia zinazoweza kutumika, pamoja na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. So si uchawi, na si utapeli wote. Ni chombo kimoja. Ule mlio nao ni viputo vya gesi kwenye maji ya kiungo, si mfupa unaorudi mahali pake.

Mimi napima hivi. Moja, anatibu nini? Akisema kiuno, endelea kusikiliza. Akisema presha na utasa, toka. Mbili, anakupa mazoezi ya nyumbani, ama anakuuzia ziara 30 zilizolipiwa mapema? Tatu, alikuuliza maswali kabla ya kukugusa? Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye uti wa mgongo, na mtu akikukunja hapo amekumaliza. Shingo nayo msiichezee: mara chache, mshipa wa damu huchanika na kuleta kiharusi.

Na mtu wako akishindwa kuzuia mkojo, miguu ikifa ganzi, akipata homa ama akikonda bila sababu, usitafute video. Mpeleke Tenwek ama hospitali ya kaunti siku hiyohiyo. Kwa maumivu ya kawaida, kuna wataalamu wa fiziotherapia, na hao wana baraza lao lililoundwa na sheria ya 2014. Ukiuliza usajili wao hujamkosea mtu heshima.

Lakini tusidanganyane. Hakuna mikono itakayonyoosha mgongo kushinda kikapu chepesi, mapumziko ya kweli na fidia inayofika. Ukitumiwa tena video ya kakaka, muulize aliyekutumia: na kikapu cha Jumatatu, nani atakinyoosha?