Mabaki ya Supanova na Namna Yanavyotafutwa

Supanova ni mlipuko unaokatisha uhai wa baadhi ya nyota. Mwanga wake hufifia baada ya muda mfupi, lakini gesi iliyorushwa huendelea kutanuka kwa maelfu ya miaka. Gesi hiyo ndiyo huitwa mabaki ya supanova.

Sisi tunaoishi Dodoma na katika uwanda wa kati twaweza kuona eneo yanakotafutwa. Usiku wa Julai na Agosti, anga likiwa kavu, mkanda mweupe wa galaksi yetu hupita juu ya vichwa vyetu. Kitovu chake, penye kundinyota la Mshale, huwa juu upande wa kusini. Huko nyota ni nyingi mno, na vumbi pia ni jingi, hata mwanga wa walio mbali hautufikii.

Mawimbi ya redio hupenya vumbi hilo. Wimbi la mshindo huzipa elektroni kasi inayokaribia ile ya mwanga, nazo zikizunguka katika uga wa sumaku hutoa mawimbi ya redio. Kwa hiyo wataalamu hutafuta duara lenye kingo angavu. Wingu lililopashwa joto na nyota changa laweza kufanana nalo. Ili kuyatofautisha, picha ya redio hulinganishwa na ya infraredi, ambamo wingu hilo hung'aa sana, na mabaki ya supanova kwa kawaida hufifia.

Mpaka sasa yanajulikana mabaki takriban 300 katika galaksi yetu, ilhali makadirio hudai zaidi ya 1,000. Je, makadirio yamekosea, ama vyombo havijafika? Mfano mmoja wafundisha: G1.9+0.3 yaligunduliwa mwaka 1984, na mwaka 2008 ikabainika kuwa nyota yake ililipuka yapata karne moja tu kabla, wala hakuna aliyeandika kuuona mlipuko huo. Darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye antena 64, iliyozinduliwa mwaka 2018 katika nyika ya Karoo, sasa hufichua hata mabaki hafifu.

Utafutaji huu watuhusu. Sehemu kubwa ya chuma kilichomo katika damu yetu ilisambazwa angani na milipuko ya namna hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, aya ya 283, yatambua kwamba uchunguzi wa ulimwengu hutuongoza kustaajabia zaidi ukuu wa Muumba.